Redio ya Upepo: Nani Anasikia?

Kisiwa cha Mafia kimo katika Bahari ya Hindi, mkabala na mahali ambapo mto Rufiji humwagikia baharini. Mji wake mkuu ni Kilindoni. Kando yake viko visiwa vidogo kama Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Watu wa visiwa hivyo husafiri kwa vyombo vya baharini. Mgonjwa wa Jibondo hawezi kwenda hospitali ya Kilindoni bila kuvuka maji, na msafiri atokaye Nyamisati, bara, hana budi kuukata mlango wa bahari ulio kati ya bara na kisiwa.

Fikiri kwamba wewe ni nahodha wa mashua yenye watu saba. Mmetoka Nyamisati asubuhi. Upepo wa kusi umeanza kuvuma kwa nguvu, na mkiwa katikati ya mlango injini inazimika. Mashua inaanza kuchukuliwa na mkondo. Mkononi unayo redio ndogo ya mawasiliano. Unabonya kitufe, unasema. Je, ni nani atakayekusikia? Na je, yupo mtu ambaye hungependa akusikie?

Maswali hayo mawili ni rahisi kuyauliza, lakini kuyajibu kunataka tuelewe jinsi redio inavyofanya kazi.

Mawimbi ya redio

Umekwisha kujifunza kwamba sauti ni mitetemo ya hewa. Ukisimama pwani na kupiga kelele, sauti yako hufika mita mia chache tu, kisha hupotea. Redio haipeleki sauti yenyewe. Kipaza sauti kilichomo ndani ya redio hugeuza mitetemo ya hewa kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti yako inavyopanda na kushuka. Umeme huo huandamana na mawimbi ya redio, na antena huyatoa mawimbi hayo nje. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja. Mtambo wa kupokelea huyanasa, huyageuza kuwa umeme tena, na spika yake huutetemesha hewa upya.

Redio ya namna hii, ambayo polisi na manahodha huzungumza kwayo, watu wengi huiita redio ya upepo. Jina hilo lisikupoteze. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, kila mwaka nilimpata mwanafunzi aliyeamini kwamba wakati wa kusi redio husikika vizuri zaidi upande wa kaskazini, kwa kuwa upepo unaisukuma sauti huko. Upepo hauhusiki hata kidogo. Mawimbi ya redio hupita hata mahali pasipo na hewa. Kama yangehitaji hewa, satelaiti zisingeweza kuzungumza na dunia.

Fanya jaribio hili. Simama mbele ya darasa. Mwambie neno moja mwenzako aliyeketi safu ya nyuma kabisa, kwa sauti ambayo yeye ataisikia vizuri. Sasa waulize wengine: nani amelisikia neno hilo? Utaona kwamba wote wamelisikia, ingawa hukuwakusudia wao. Mawimbi ya redio ni vivyo hivyo. Antena ya kawaida ya mashua huyatawanya pande zote. Hayajui yametumwa kwa nani. Kila mwenye mtambo wa kupokelea uliotegwa katika masafa hayohayo atayanasa.

Hata hivyo mawimbi hayo yana mpaka. Redio za mashua hutumia mawimbi ambayo husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na dunia yetu ni ya mviringo. Ndiyo sababu jahazi linalokwenda mbali huanza kupotea machoni sehemu ya chini, na tanga huonekana mwisho. Ikiwa antena ya mashua iko mita 2 juu ya maji, na antena ya pwani imefungwa juu ya mlingoti wa mita 30, redio hizo mbili zitasikizana mpaka umbali wa kilomita 28 hivi. Mashua mbili zenye antena za mita 2 kila moja hazitasikizana zaidi ya kilomita 12 hivi. Sasa unaelewa kwa nini antena huwekwa juu ya milingoti mirefu au kilimani.

Yako mawimbi mengine ambayo hurudishwa chini na tabaka la juu la anga, kama mpira unavyodundwa na ukuta. Hayo hufika mamia ya kilomita. Shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957, ambalo leo huitwa AMREF, liliyatumia kuunganisha hospitali zilizo mbali. Daktari wa porini aliweza kuuliza shauri kwa redio, na hospitali nyingine katika masafa hayo ziliweza kusikia habari za mgonjwa wake.

Ndege ya mwaka 1915

Mafia ina historia yake katika habari za redio, nayo ni ya vita.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia humo kwa sababu maji ni haba. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na baadaye wakaleta ndege huko. Mwezi wa Julai meli zao mbili zielekazo vizuri katika maji haba, Severn na Mersey, ziliingia mtoni. Wapigaji mizinga hawakuweza kuiona Königsberg, kwa kuwa ilikuwa mbali na mikoko iliwaziba macho. Kwa hiyo ndege iliyoruka kutoka Mafia ilizunguka angani. Mtazamaji aliyekuwa ndani yake aliangalia kila kombora lilikoangukia, kisha akapeleka habari kwa redio: limepita, halikufika, limekwenda kushoto, limekwenda kulia.

Jaribio la kwanza, tarehe 6 Julai, halikufaulu. Tarehe 11 Julai walirudi. Siku hiyo ndege ilipigwa na injini yake ikaharibika. Ilipokuwa ikishuka bila injini, mtazamaji aliendelea kupeleka habari zake mpaka ndege ikaanguka majini. Rubani na mtazamaji wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaangamia siku hiyohiyo.

Sisi hatusomi hapa habari za vita. Tuangalie ile redio. Haikupeleka sauti ya mtu. Ilipeleka nukta na mikato tu, yaani mawimbi yalitolewa kwa muda mfupi, kisha yakakatwa, kisha yakatolewa kwa muda mrefu zaidi. Msikilizaji alihitaji kujua jambo moja tu: sasa mawimbi yapo, au hayapo? Hata kama kulikuwa na mkwaruzo mwingi, swali hilo lilijibika. Tena, wapelekaji na wapokeaji walikuwa wamekubaliana kabla juu ya maana ya alama fupi walizotumia. Königsberg nayo ilikuwa na mtambo wa redio, kwa hiyo mawimbi yale yangeweza kunaswa na adui pia.

Yashike mambo hayo mawili, la alama zilizo rahisi na la maana iliyokubaliwa kabla. Redio mpya za leo zimejengwa juu yake.

Sauti kuwa tarakimu

Nenda pwani ya Kilindoni, au fikiri kwamba uko huko. Simika mti wenye alama za sentimita ndani ya maji. Bahari hujaa na kupwa polepole bila kuruka. Wewe soma kina cha maji kila baada ya saa moja, ukiandike daftarini: 140, 185, 230, 262. Jioni utakuwa na safu ya tarakimu. Mwenzako aliye Dar es Salaam, ukimsomea tarakimu hizo kwa simu, ataweza kuchora mstari wa kujaa na kupwa kwa maji ingawa hakuiona bahari yako.

Redio ya dijitali huifanyia sauti yako jambo hilohilo, ila kwa haraka sana. Hupima umeme wa kipaza sauti mara 8,000 katika kila sekunde moja, na kila kipimo hukiandika kuwa tarakimu. Tarakimu zenyewe ni mbili tu, 0 na 1. Kwa kuzipanga hizo mbili tunaweza kuandika hesabu yoyote. Tano, kwa mfano, huandikwa 101. Mtambo wa kupokelea huzisoma na kuichora sauti upya.

Bila shaka umekwisha kuona jambo hili nyumbani au kwa jirani. Mpaka mwaka 2012 televisheni za Dar es Salaam ziliweza kupokea picha kwa njia ya zamani, iitwayo analojia. Tarehe 31 Desemba mwaka huo mitambo ya analojia ya jiji hilo ilizimwa, na watu wakahitaji king'amuzi. Kung'amua ni kutambua. Chombo hicho hutambua tarakimu na kuzigeuza kuwa picha na sauti.

Redio ya dijitali ina faida kubwa. Mkwaruzo hauiharibu upesi, maana hata 1 iliyochafuka bado huonekana kuwa ni 1. Mazungumzo mawili au zaidi huweza kupishana katika masafa mamoja bila kugongana. Tena pamoja na sauti huweza kupeleka namba ya redio na mahali ilipo.

Lakini haina uvumilivu wa redio ya zamani. Redio ya analojia ikifika mwisho wa mpaka wake, sauti hudhoofika kidogo kidogo na mkwaruzo huongezeka. Nahodha mzoefu huweza kutega sikio na kuokota neno moja hapa na jingine pale. Ya dijitali husikika safi, safi, safi, kisha kimya. Tarakimu zikiharibika kupita kiasi, mtambo hauna cha kuchora. Waokoaji wanaobadilisha redio zao hufundishwa jambo hili mapema.

Kufunga ujumbe

Mafia iko Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995. Miongoni mwa sababu zake ni kuyalinda matumbawe, kwa kuwa samaki huzaliana na kujificha humo. Mvuvi anayetumia baruti huwaua samaki wakubwa na wadogo kwa mshindo mmoja, na huyavunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Sasa tuseme askari wa doria wanaambizana kwa redio iliyo wazi: "Kesho alfajiri tukutane Chole." Mvuvi wa baruti mwenye redio ya kununua dukani atasikia, na kesho atakwenda kwingine. Vilevile muuguzi akitaja kwa redio jina na maradhi ya mgonjwa anayeletwa na boti, kisiwa kizima chaweza kujua kabla mgonjwa hajashuka.

Kwa hiyo ujumbe hufungwa. Watoto wa pwani wanaijua kazi hii, maana wanacheza kinyume. Silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele: kesho huwa "shoke", Chole huwa "lecho", baruti huwa "tibaru". Asiyeijua kanuni husikia kelele tu. Bali udhaifu wake ni huu: kanuni ni moja siku zote, na aliyekwisha kuijua husikia kila kitu.

Redio za dijitali hutumia kanuni pamoja na ufunguo. Ufunguo ni safu ya tarakimu inayojulikana na redio za kundi moja tu, nao huweza kubadilishwa. Tazama mfano huu. Kanuni yetu ni kwamba tarakimu mbili zikilingana tunaandika 0, zikitofautiana tunaandika 1.

Ujumbe: 1 0 1 1 0 0 1 0
Ufunguo: 0 1 1 0 1 0 1 1
Kinachopelekwa: 1 1 0 1 1 0 0 1

Anayenasa mstari wa tatu bila ufunguo hapati kitu. Mwenye ufunguo hufanya hesabu ileile tena kati ya mstari wa tatu na wa pili. Ifanye wewe mwenyewe katika daftari lako uone kama ujumbe utarudi. Kazi ya kufunga ujumbe namna hii huitwa kusimba.

Ufunguo wetu una tarakimu 8, na mtu mwenye subira angeweza kuzijaribu funguo zote, maana ni 256 tu. Redio nyingi hutumia ufunguo wenye tarakimu 128 au 256, na kuzijaribu funguo zote za urefu huo hakuwezekani. Lakini si kila fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba aina moja ya usimbaji, iliyotumika katika redio za polisi na za huduma nyingine za nchi mbalimbali, ilitangazwa kuwa na ufunguo wa tarakimu 80, lakini kwa ndani ulikuwa umefupishwa kwa siri hadi 32. Funguo za tarakimu 32 ni zaidi ya milioni elfu nne. Kwako ni nyingi. Kompyuta huzimaliza upesi. Watumiaji wake walikuwa wamezungumza miaka mingi wakidhani mlango umefungwa.

Nchi nyingi zimekwisha kuziacha redio za zamani za polisi. Uingereza ilianza kuhamia redio za dijitali zilizosimbwa miaka ya mwanzo ya 2000. Nchini Kenya serikali iliingia mkataba na kampuni ya Safaricom mwaka 2014 kujenga mtandao mpya wa mawasiliano ya polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa.

Mlango ulioachwa wazi

Turudi katika mashua yako. Watu saba, injini imezimika, maji yanaingia. Je, ujumbe wako usimbwe?

La. Siri inamfaa askari wa doria, lakini ingekuzamisha wewe. Kama boti ya waokoaji ingekuwa na redio iliyosimbwa pekee, usingeweza kuisikia wala kusikiwa nayo, kwa kuwa huna ufunguo. Tena mtu aliye karibu nawe huenda si mwokoaji. Huenda ni mvuvi wa Bwejuu anayetega nyavu. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, Zanzibar, tarehe 10 Septemba 2011, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu waliotoka kuokoa.

Kwa sababu hiyo mataifa yamekubaliana kuacha mlango mmoja wazi baharini. Ni chaneli ya 16, na kila chombo chenye redio ya bahari hutakiwa kuitegea sikio. Hakuna ufunguo. Iko pia chaneli ya 70, ambayo haipeleki sauti. Redio zenye kitufe chekundu cha hatari, kikibonywa, hupeleka kwa chaneli hiyo namba ya chombo na mahali kilipo, kwa tarakimu. Mpango huo wa kimataifa ulikamilika tarehe 1 Februari 1999. Angalia vizuri: chaneli ya 70 ni ya dijitali, lakini haina siri yoyote. Watu wengi, hata wakubwa, huchanganya mambo haya mawili. Dijitali ni namna ya kuandika ujumbe. Kusimba ni kuufunga. Ujumbe waweza kuandikwa kwa tarakimu na kuachwa wazi kwa wote.

Simu ya mkononi nayo ni ya dijitali, na mazungumzo yake husimbwa. Ni chombo chema, lakini humwita mtu mmoja tu, tena mnara ukiwa mbali hunyamaza. Redio ya chaneli ya 16 huwaita wote walio karibu, hata wale usiowajua majina.

Basi bonya kitufe. Sema "meidei" mara tatu. Ni neno la mabaharia wa mataifa yote, nalo limetokana na Kifaransa chenye maana ya "nisaidieni". Taja jina la mashua mara tatu. Sema mlipo, kilichotokea, na idadi ya watu. Usiharakishe. Kisha achia kitufe na usikilize, kwa maana ukiendelea kukibonya hutasikia jibu.

Pwani haijibu. Mko mbali mno kwa redio ndogo iliyo karibu na maji. Lakini kilomita 9 kutoka kwenu lipo jahazi linaloelekea Kilindoni, na antena yake imefungwa juu ya mlingoti. Nahodha wake amesikia. Anaurudia ujumbe wako neno kwa neno ili walio mbali nao wausikie, na huku anageuza usukani kuja kwenu.

Zoezi

1. Eleza kwa nini antena ya jahazi iliweza kufikisha ujumbe pwani, na redio ya mashua haikuweza.
2. Safu iliyopelekwa ni 0 1 1 1 0 1 0 0. Ufunguo ni 1 1 0 1 0 0 1 0. Ujumbe ulikuwa upi?
3. Redio ya analojia na redio ya dijitali zote mbili zinakaribia mwisho wa mpaka wake. Msikilizaji atasikia nini katika kila moja?
4. Ukiwa na mwenzako, tungeni kanuni yenu ya siri pamoja na ufunguo. Pelekeaneni ujumbe wa maneno matatu mbele ya darasa, na wengine wajaribu kuufungua.